Paa Lililoota Miguu

Sogezeni viti, wanangu, na wewe kifungua mimba zima hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na mtu. Daktari ameongea nanyi kule nje mkadhani sisikii. Nimesikia, basi tusipotezeane muda.

Nyumba ni yenu wawili. Msiiuze kabla ya kutengeneza bomba la jikoni, mtapunjwa. Cherehani achukue kitinda mimba, kwa kuwa kaka yake hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Vyombo gawaneni bila kununiana. Hayo yamekwisha. Linaloninyima usingizi ni kile kitabu changu cha hadithi.

Mmekizoea hapo mezani. Nilikuwa karani wa shule, na mwalimu wa Kiswahili akanilalamikia kwamba watoto wa darasa la tano hawana hadithi za kwao za kusoma, nami nikasema ninazo za mama yangu. Bibi yenu alikuwa dobi. Alitusimulia akipiga pasi, mimi na mama yenu mkubwa tumekaa juu ya marundo ya nguo safi, na lile joto la shuka zilizotoka kupigwa pasi lilinilaza kila mara kabla hadithi haijafika katikati. Nilichosikia ni mwanzo, mtoto ameachwa peke yake nyumbani, mama yake ameenda kazini, na halafu wimbo, kwa kuwa bibi yenu akiimba hata aliyezimia angefumbua jicho:

Paa, paa, usiniache,
mvua ikija nifiche,
mama yupo njiani.

Basi nikaandika habari za paa, mnyama, anayekuja mlangoni kumlinda mtoto, na mwisho nikautunga mwenyewe, maana sikuwahi kuusikia. Mchoraji akamwekea kope ndefu. Kikapendeza.

Mama yenu mkubwa alikisoma kwenye kiti hicho ulichokalia, akakifunga taratibu, akaniambia, "Mdogo wangu, ulilala. Lilikuwa paa la nyumba. Lile letu la mabati, lililovuja, mama alipotufungia ndani akaenda kufua nguo za watu. Umeliotesha miguu, likakimbia."

Nikaona aibu, na aibu ikanitoka kwa sura ya hasira. Nikamjibu kwamba watoto wa siku hizi hawana haja na hadithi ya mabati. Akaondoka, chai yake haijafika nusu. Miaka sita sasa.

Mwaka uliofuata msichana mmoja wa darasa la tano alikuja dirishani kwangu ofisini, akaniamkia vizuri, kisha akauliza, "Paa mwenyewe mdogo hivi, atamfichaje mtu mvua?" Nikamwambia arudi darasani. Swali lake nilirudi nalo nyumbani, na halijaondoka.

Msidhani ni kitabu kinachonisumbua. Nina wajukuu, na bado natamani kukaa juu ya zile nguo za moto, nisilale, nisikie kama mama wa yule mtoto alirudi. Anayejua amebaki mmoja tu, naye umri umemwendea.

Mwendeeni. Msipige simu, atakata. Mpelekeeni pasi ya mkaa ya bibi yenu, ilikuwa yake tangu mwanzo, nilimnyima kwa ubishi. Mwambieni mdogo wake amekiri kwamba alilala. Tumieni neno hilohilo. Kisha mwombeni hadithi yote, na wewe kitinda mimba uandike anavyosema, bila kuipamba, na uandike paa la, si paa wa. Watoto wataelewa paa linalovuja. Wengi wao wanalo.

Akikubali kuja, msimharakishe. Akinikuta, anisimulie mwenyewe. Asiponikuta, asimulie hata hivyo, humu humu chumbani, nanyi mkae macho.

Niongezeeni mto. Hapo. Sikuwa mama wa kubembeleza, nilichoka mno. Lakini kila jioni nilirudi, hilo mtanipa. Mungu awafunike kwa mvua na kwa jua, wala asiwatenganishe kwa neno moja kama alivyo... kama tulivyojitenganisha sisi.

Kitinda mimba, imba kidogo. Si huo mstari. Ule wa mwisho.

Nikisinzia... mniamshe.