Dada Ethel, Mama Upendo, na Nyuki Wake wa Newala

Baba Padre, wazee wetu, majirani wa dini zote mliokaa nasi tangu Jumamosi, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine amani ya Bwana iwe nanyi. Mimi ni Vitalis Nandonde, mdogo wake marehemu, tulizaliwa wawili tu, na nimepewa kazi hii ya kusoma ingawa shule yangu iliishia darasa la saba, hivyo nikijikwaa mnivumilie, na watani wetu nawaomba mningoje nifike mwisho, maana leo nitawapa mwenyewe cha kunisema.

Marehemu Ethel Yohana Nandonde alizaliwa tarehe 11 Februari 1956 katika kijiji cha Lulindi, wilaya ya Masasi, mtoto wa kwanza wa mzee Yohana na mama Anjelina, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapohapo Lulindi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na mama alikuwa akisimulia kwamba njia ya shule ilikuwa ya nusu saa lakini Ethel aliifanya ya saa mbili, kwa kuwa kila kichuguu lazima akiinamie na kila kiota akichungulie, akichapwa leo kwa kuchelewa, kesho anachelewa tena.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mhudumu katika ofisi ya mifugo Masasi, akahamishiwa hapa Newala Januari 1981, akastaafu mwaka 2016. Wenzake wa kazi, ambao nawaona pale kwenye turubai, wanamkumbuka yule mbuzi mgonjwa aliyetelekezwa ofisini, marehemu akamchukua nyumbani, akamuuguza mpaka akapona, akampa jina la yule bwana aliyemtelekeza, halafu kila jioni akawa anamwita barabarani kwa sauti kubwa, mpaka bwana mwenyewe akaja kuomba radhi.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na marehemu shemeji yangu Simeoni Chitanda, fundi seremala, wakajaliwa watoto wawili, Upendo aliyezaliwa mwaka 1983 na Grace aliyezaliwa mwaka 1987, na wajukuu watano. Shemeji alitutoka mwaka 2009, nami mwaka uliofuata nikatoka Lulindi kuja kumsaidia dada shamba la mikorosho.

Ninyi mnajua maji ya Newala yalivyo ya shida. Basi dada, maji aliyooshea mchele na mboga hakuyamwaga, aliyatia kwenye karai chini ya mkorosho wa uani, wakanywa ndege, kuku wa majirani na mbwa wasio na mwenyewe, na nilipolalamika kwamba hayo tungefulia alinijibu, "Vitalis, wewe ukiwa na kiu una mdomo wa kuomba." Asubuhi za masika aliwagongea majirani milango waende naye ukingoni mwa uwanda wetu wa juu kutazama mawingu yalivyolala chini yetu bondeni Ruvuma, wengine wakimnung'unikia kwa usingizi, lakini walikwenda. Alichimba ming'oko, vile viazi vya porini, pamoja na Mama Ashraf, jirani yetu wa ukuta mmoja, na Mwezi Mtukufu ukifika futari ya nyumba ile tulikuwa tunaila wote, kama wao walivyokula Krismasi kwetu.

Mwaka 2012 alitundika mizinga minne ya nyuki mpakani mwa shamba letu na la Bwana Anwari, ndiye Baba Ashraf, na asali ya kwanza kila mwaka haikuingia ndani kwetu kabla kila nyumba ya mtaa huu haijapata bakuli lake. Kwa ajili ya nyuki hao wakulima wa upande huu tulikubaliana kwamba mikorosho ikiwa kwenye maua, dawa ya maji ipulizwe jioni, nyuki wakiisha kurudi mizingani.

Sasa nasema lililonileta hapa. Jumamosi ya tarehe 8 Agosti 2020 dada alikuwa Masasi kwa wajukuu, mimi nilikuwa nimeazima mashine ya kupulizia na nilitaka kuirudisha mapema nikatazame mpira, nikapuliza saa nne asubuhi jua likiwaka. Kufika alasiri nyuki walikuwa wametapakaa chini kama majani ya chai yaliyomwagika. Jioni ya siku ileile Baba Ashraf naye alipuliza shamba lake, kwa saa tuliyokubaliana, na mtaa mzima ukasema ni yeye, na mimi nilipoulizwa nikasema sijui. Dada aliponusa shati langu kwenye kamba alijua yote, akawaambia watu kwamba nyuki wamehama wenyewe, ili Baba Ashraf asisemwe, lakini hakuna aliyemwamini. Tangu hapo Baba Ashraf hakukanyaga uani kwetu, na futari tukala kila mtu kwake, miaka minne. Kila Kwaresima dada aliniuliza, "Umeshakwenda kwa Baba Ashraf?" nikisema bado, ananiambia, "Uongo ni wako, mimi siwezi kukusemea."

Machi mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hapa Newala, na tarehe 2 Oktoba akahamishiwa hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Akiwa wodini aliniagiza kwamba historia yake niisome mimi, na nikifika kwa nyuki nikawaruka, basi nikae chini, Upendo amalizie. Alifariki Jumamosi tarehe 19 Oktoba, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Upendo.

Baba Ashraf, nyuki niliwaua mimi. Nakuomba msamaha mbele ya Padre, mbele ya shehe na mbele ya jeneza la dada yangu, ambaye nilimnyima kuiona siku hii akiwa hai.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi wa Newala na Mkomaindo, wafanyakazi wenzake wa mifugo, kwaya, akina mama wa mtaa mliopika bila kulala, na kwa namna ya pekee tunakushukuru wewe Baba Ashraf, ambaye tangu juzi, bila kuombwa na mtu, umekuwa ukituletea madumu ya maji kutoka kisima chako, ukiyaacha getini na kuondoka, na mimi nimeyanywa kabla hujajua niliyoyasoma sasa hivi.

Dada, karai lako nimelijaza leo alfajiri, kwa maji hayohayo, na hondohondo wawili wameshakunywa. Nimesoma yote. Sasa pumzika kwa amani, Mama Upendo.