Ketel Nommensen, Mwindaji Asiyetaka Kuwinda

Baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, mwenzetu Ketel Nommensen amestaafu rasmi tarehe 30 Septemba 2025. Tarehe yenyewe nusura aikatae.

Kwa cheo alikuwa Mwindaji wa Sili, wale wanyama wa baharini, wa kisiwa chetu cha Amrum huku Ujerumani, ingawa uwindaji ulipigwa marufuku kabla hajaajiriwa. Kazi yake ilikuwa kuamua kama sili mgonjwa apelekwe kituoni kutibiwa au amalizwe kwa risasi asiteseke. Alianza mwaka 1988, virusi vilivyoua sili kwa maelfu vilipoingia. Majira yote yale hakuna sili aliyefaa kupelekwa kituoni; wote aliwapiga risasi. Mwaka 2002 virusi vikarudi, naye akarudi ufukweni na bunduki.

Vinginevyo Ketel ni mcheshi kupindukia. Mtalii akiuliza kama sili wanang'ata, humwonyesha kidole chake kifupi. Kilikatwa na kamba ya meli, lakini hilo halisemi.

Wiki yake ya mwisho, Göntje wa mapokezi alikuwa ameshaleta keki ya krimu na jemu ya plamu. Ketel akarudi kutoka kwenye fungu la mchanga uso umemsawijika. Alikuwa amemkuta sili anakohoa, makamasi yanamtoka, vilevile kama zamani. Akamtenga bandani, akapeleka sampuli maabara, akatangaza kuwa hastaafu.

"Mimi nilianza kwa kuua," alimwambia Keike, anayemrithi. "Wewe huanzi hivyo. Ikiwa ni virusi, bunduki nabaki nayo mimi."

"Nenda kalale, mzee," Keike akamjibu. "Ukianza kukohoa na wewe, tutakupeleka kituoni."

Ketel hakucheka. Hapo ndipo sote tulipoogopa. Keki tukaiweka chumba cha barafu, katikati ya uduvi, tukangoja.

Siku mbili kabla ya sherehe ya kumuaga, maabara wakapiga simu. Hakuna virusi. Ni minyoo ya mapafu, ya kawaida kabisa, na dawa ipo. Bandari nzima tukapeana mikono kwa ajili ya minyoo, na nahodha wa feri akapiga honi. Ketel alikaa kwenye ngazi akalia waziwazi, kisha akaulizia keki yake. Ilinuka uduvi. Aliila karibu nusu.

Bunduki ameikabidhi ikiwa safi, haina risasi. Kazi ya kwanza ya Keike ilikuwa kumbeba sili yule hadi kituoni, na mnyama anaendelea vizuri.

Asante, Ketel, kwa kazi ambayo hakuna kati yetu aliyeitaka. Uwe na maisha mema, na ufukweni sasa njoo kutembea tu.