Joash na Pijo Nyekundu

Mwaka 1973, kwenye basi la Kangemi, kijana aliyejiita Joash alikuwa amepakata debe la rangi nyeupe. Akamwambia jirani yake, mama wa Kipwani, "Mama, nimenunua gari! Pijo! Shida ni nyekundu, na gari nyekundu bima yake ni ghali. Leo naipaka."

Mama akacheka hadi buibui likamteleza. "Mwanangu, nimeulizia ofisi tatu za bima. Kila moja ina bei yake, na hakuna iliyouliza rangi!"

"Ofisi tatu? Si watakupandishia bei wote wakijua!"

"Nani kawaambia nimeuliza kwingine?"

Nikacheka nami, niliyeketi nyuma yao, nisiye na hata baiskeli. Basi liliposimama Mountain View, kabla ya Kangemi, walishuka wote wawili, wakibishana. Mama, aliyekata tiketi ya Kangemi, alisema lazima alione hilo gari kabla halijaharibiwa.