Mzee Dadu, Aliyetaka Mkewe Ashuke Ngazi

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi mliokuja na dadu mifukoni mkidhani hatutaona, asanteni kwa kufika. Wasifu huu umekabidhiwa shemeji yake marehemu, mdogo wa mkewe, kwa sababu katika familia nzima yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumtania bila kuomba radhi baadaye. Marehemu aliacha maagizo mawili tu kuhusu maneno ya leo: yasiwe marefu, na yasidai kwamba alikuwa malaika. Hilo la pili ni rahisi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1952, katika chumba cha juu cha nyumba iliyokuwa nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi viatu na mkunga. Treni ya mizigo ilipopita, vyombo vilitetemeka kabatini na kitanda kikasogea kidogo. Mama yao alisema watoto wa wenzake waliamshwa na kelele, lakini wa kwake aliamka kelele zilipokoma, akitaka kujua kimetokea nini. Mdogo wake wa kiume, ambaye yuko nasi hapa, ndiye aliyeelezwa na kaka yake, kwa upole na kwa kirefu, ni nani hasa aliyekuwa akivitikisa vile vyombo. Mdogo huyo alilala amejifunika blanketi gubigubi mpaka alipoingia sekondari.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwishoni mwa 1969. Alikuwa hodari wa jiometri na uchoraji, na katika masomo mengine alikuwa na adabu. Akiwa kidato cha tatu aliwaambia wenzake kwamba ndani ya stoo ya maabara kuna kitu kinachopumua, na darasa zima likagoma kwenda kuchukua vifaa. Mwalimu wa kemia alimkaripia mbele ya wote na kumtoa nje. Kisha akamfuata koridoni, akaangalia huku na huku, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hicho kitu chako, kinapumua kwa pua au kwa mdomo?" Marehemu alikuwa akisema kwamba pale koridoni ndipo alipoijua kazi anayoitaka, ingawa hakuwa na hakika kama kazi hiyo ipo.

Iliyokuwa karibu nayo ilikuwa ya sinema. Aliajiriwa Januari 1970 kukata tiketi mlangoni, na miaka mitatu baadaye akapandishwa chumba cha projekta, chumba chembamba chenye joto, harufu ya mafuta ya mashine na kidirisha kimoja cha kuchungulia ukumbini. Kila Jumamosi mchana zilionyeshwa filamu za kutisha za mambo ya anga: vyombo vilivyopotea kati ya nyota, mimea iliyoshuka na mvua ya ajabu, madubwana yaliyolala chini ya migodi ya sayari za mbali. Zilikuwa filamu za zamani hata wakati huo, na baadhi ya madubwana zipu zao zilionekana. Yeye hakuyajali sana madubwana. Alichokisikiliza pale kidirishani ni watu. Mtu wa kwenye filamu alipochukua taa ndogo na kuanza kushuka kwenda kukagua kelele, ukumbi mzima ulimpigia kelele asiende, na yeye akaenda, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Mwaka 1978 chumba hicho kilitembelewa na msichana mwenye kofia ngumu, aliyetumwa kukagua usalama wa kumbi zote za mji. Mazungumzo yao ya kwanza yamesimuliwa katika kila sherehe ya familia, na leo hayataachwa.

"Nani amefunga mlango wa dharura kwa mnyororo?" aliuliza msichana.

"Meneja. Watu walikuwa wanaingia bure."

"Na moto ukiwaka, watatoka kwa tiketi?"

Siku iliyofuata marehemu aliukata ule mnyororo kwa mkono wake, akaufunga vizuri kwa karatasi ya zawadi, akampelekea msichana ofisini kwake. Meneja hakufurahi, lakini msichana alifurahi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Septemba 1980, na marehemu hakuwahi kumwita mkewe kwa jina lingine zaidi ya Bi Mkaguzi. Walijaliwa watoto wawili: binti, ambaye leo ni daktari wa meno, na mtoto wa kiume, ambaye ni seremala.

Sinema ilifungwa Juni 1989. Alirudi nyumbani na ufunguo wa chumba cha projekta, ambao hakuna aliyekumbuka kumdai, na kwa wiki kadhaa alikuwa mtu wa kukaa tu, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Kisha akapata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, upande wa kukata na kujalidi, na huko alikaa hadi alipostaafu mwaka 2012. Kila siku mashine ilibakiza vipande vya karatasi ngumu visivyo na mwenyewe. Alivitazama vile vipande, akaukumbuka ukumbi uliokuwa ukipiga kelele, akajiuliza swali ambalo ndilo limetukusanya wengi wetu hapa: kama watu wanajua sana cha kufanya, kwa nini wasiingie wenyewe?

Hivyo akaanza kuzigeuza zile filamu kuwa michezo ya mezani. Kwa wasioijua, michezo hiyo huenda hivi. Mmoja ni msimulizi; anaeleza mahali mlipo na mnachokisikia. Kila aliyeketi ana mtu wake wa kumwigiza, na anasema mtu huyo anafanya nini. Pale ambapo hakuna mwenye hakika kitakachotokea, mnarusha dadu mbili. Ndiyo asili ya jina lake la Mzee Dadu, na wapo majirani ambao wamelijua jina lake halisi leo kwenye tangazo la mazishi.

Filamu ya kwanza aliyoigeuza ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Kuna kituo cha wachimba madini kwenye mwezi wa mbali. Ukungu unapanda kutoka shimoni, na kila mtu unayemmeza, unajifunza sauti yake. Kisha unaita kutoka chini kwa sauti hiyo. Marehemu alichora ramani, akakata kadi, akaandika kila kitu kama kilivyokuwa kwenye filamu, na Jumamosi moja mchana, Januari 1990, akawaketisha mezani mkewe, shemeji yake na kinyozi wa jirani.

Kinyozi alitaka kwanza kujua kama ukungu unaweza kutiwa kwenye chupa na kuuzwa. Shemeji, ambaye hatatetewa hapa, alijificha ndani ya kabati na kukataa kutoka. Sauti ya rafiki ilipoanza kuita kutoka chini, macho yote yakamgeukia Bi Mkaguzi.

"Taa ya ngazini inawaka?" aliuliza.

"Haiwaki," alisema msimulizi, kwa sauti yake ya kutisha.

"Basi sishuki. Nafunga mlango, natoa taarifa, nasubiri chombo cha uokoaji."

"Lakini ni rafiki yako anayekuita."

"Anarudia maneno yaleyale kama kanda. Rafiki yangu angeshatukana."

Chombo cha uokoaji kikaja, kikawachukua wote salama, na mchezo ukaisha chai ikiwa bado ya moto. Kinyozi alisema ameburudika. Msimulizi alikusanya kadi zake, chai hakuigusa, na mkewe akajua kwamba amemvunja moyo.

Mwingine angenuna na kuacha. Yeye alikaa na kosa lake mpaka akalielewa. Alikuwa amewaandikia watu wa mezani njia ya watu wa kwenye pazia la sinema, na watu wa mezani wana akili zao. Filamu humshusha mtu ngazi kwa sababu mwandishi ameamua hivyo. Mezani mtu lazima aamue mwenyewe, tena akijua vizuri kilichopo huko chini. Basi akabuni kanuni ambayo wachezaji wake wote wanaijua: kabla mchezo haujaanza, kila mmoja anataja kitu kimoja ambacho mtu wake hawezi kukiacha nyuma. Hapo ndipo watu walipoanza kushuka. Kinyozi alishuka kufuata mkasi wa marehemu baba yake, akiwa na jasho la kweli usoni. Shemeji alishuka mara nyingi na kuliwa mara zote.

Aliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, filamu moja baada ya nyingine, akitupa madubwana na kubakiza hofu. Mwaka 1996 mwenye kiwanda alimruhusu kuchapa masanduku machache baada ya saa za kazi, na yakafika miji ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Wageni walianza kubisha hodi kuuliza kanuni. Aliwapa chai, na wakati mwingine ndoto mbaya. Alikuwa mtu aliyeridhika, na alisema hivyo wazi, mtu alipomuuliza na hata asipomuuliza.

Kitu kimoja tu kilimpiga chenga. Bi Mkaguzi hakushuka. Alicheza kila mchezo kwa moyo wote, lakini alipofika kwenye ngazi aliuliza kuhusu taa, akaambiwa haiwaki, akafunga mlango. Kitu ambacho hakuweza kukiacha nyuma, kila mara alitaja kofia yake ngumu, na kofia ilikuwa kichwani. Marehemu alimjaribu kwa dhahabu, kwa watoto wanaolia, kwa nyaya zilizofungwa vibaya. Alifikia hatua ya kumvuta shemeji pembeni.

"Shemeji, niambie ukweli. Dada yako kitu gani kinaweza kumtoa mlangoni?"

"Shemeji, ukikijua niambie na mimi. Nimekua naye sijakiona."

Nyumbani swali la Bi Mkaguzi la taa likawa usemi wa familia. Binti alipotaka kukopa benki afungue kliniki, seremala alipotaka kuoa baada ya kujuana na mchumba kwa mwezi mmoja, mama yao aliuliza lilelile, "Taa ya ngazini inawaka?" Seremala alioa hata hivyo, na mkamwana huyo ndiye aliyepanga viti mlivyokalia.

Machi 2023 marehemu alianza kuchoka akipanda ngazi za nyumbani, na miguu ikavimba. Madaktari wakasema ni moyo. Alizinywa dawa na kulilaumu jengo. Oktoba alilazwa, katika wodi ya ghorofa ya pili yenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, na hakuficha kwamba anajua hali yake.

Jumapili mchana, tarehe 29 Oktoba, aliomba tucheze mchezo wa ukungu, ule wa kwanza. Tuliweka ubao kwenye meza ya magurudumu ya chakula. Safari hii aliomba asiwe msimulizi. Kiti hicho alimpa binti yake, ambaye kazi yake ya kila siku pia ni kuwatisha watu walioketi, na yeye akachukua nafasi ya fundi mitambo. Hakuwahi kuwa mchezaji maishani mwake. Kelele ya kwanza iliposikika kutoka chini, alisema mara moja kwamba anachukua kiberiti na kwenda kuangalia.

"Baba, huo ni ujinga," alisema binti.

"Najua. Tangu 1970 natamani kuufanya."

Binti alisimulia kwa haki, kama alivyofunzwa. Ukungu ulipanda, kiberiti kikazimika, na fundi mitambo hakuonekana tena. Baada ya muda, kutoka chini, sauti yake ikaanza kumwita Bi Mkaguzi.

"Taa ya ngazini inawaka?" aliuliza mama yake.

"Haiwaki, Mama."

"Anayeita ni yeye, au ni ukungu?"

"Huwezi kujua."

Bi Mkaguzi alimtazama mgonjwa, ambaye alikuwa ameangalia ubao kama mtoto anayejifanya hasikii. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nashuka," alisema.

Marehemu alijiinua kwenye mto. "Bi Mkaguzi, taa haiwaki."

"Nimesikia. Kama ni wewe, siwezi kukuacha huko. Na kama siyo wewe, basi wewe hauko tena, na mimi huku juu nakaa na nani? Nipe dadu."

Alirusha. Ilitoka moja na moja, matokeo mabaya kuliko yote, na kwa kanuni alizozitunga marehemu mwenyewe, wote wawili walimezwa. Tulikuwa tukilia, na marehemu alikuwa akicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Akamshika mkewe mkono na kumtambulisha kwa majivuno, "Dada, huyu ni mke wangu. Ameliwa na ukungu."

Aliaga dunia Alhamisi asubuhi, tarehe 9 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda, amemshika mkono. Hakuhitaji kuita.

Ameacha mjane, Bi Mkaguzi. Binti yake daktari wa meno, ambaye sasa ndiye msimulizi. Mwanawe seremala na mkewe. Wajukuu wawili ambao bado hawajaruhusiwa kuucheza mchezo wa ukungu na wameshaucheza. Mdogo wake na blanketi lake. Kinyozi, ambaye si ndugu wa damu na hakuna anayekumbuka hilo. Pamoja na shemeji aliyesoma haya, na atakayemkosa kuliko alivyotarajia.

Mjane ameukagua wasifu huu kabla haujachapwa, na ametaka mwisho wake usomeke hivi. Apumzike kwa amani. Na akisikia kelele huko aliko, asiende kuangalia peke yake, amsubiri.