Mama Véronique Alikataa Kuchoma

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio sokoni, mlio kambini na redio ndogo sikioni, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Véronique Lotsove wa hapa Bunia. Ametutoka Jumanne. Alikuwa muuza vitenge, alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kwa miaka zaidi ya ishirini alitunza sanamu mbili za miungu ya Wahindi. Narudia, ili wenye kusema vibaya wasikie vizuri: alizitunza. Hakuziabudu.

Sanamu zilikuwa za jirani yake, Mzee Jayantilal, mwenye duka la misumari na mabati. Zilichongwa kwa mti: Ganesha mwenye kichwa cha tembo, na Lakshmi aliyesimama juu ya ua la yungiyungi. Vita ilipofika mjini, mzee alikimbilia Uganda na begi moja tu. Alimwachia Mama Véronique sanamu akimwambia: usiziweke chini, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, watu wangu watakuja kuzichukua.

Mama akafanya nini? Jumamosi moja alizitoa nje pamoja na viti, akamsugua Ganesha kwa maji na sabuni, akamwanika juani. Kama mama yeyote wa Bunia anayengojea Noeli! Jioni sikio la tembo lilikuwa limepasuka mpaka shingoni. Binti yake Nadège anakumbuka: "Mama alilia sana. Alisema, kitu ya mutu nimeiharibisha. Toka ile siku, maji haikukaribia tena zile sanamu."

Halafu kikaja kikundi cha maombi cha kanisa lake. Wakasema vita ya vijiji vya Djugu, jirani zetu, haiishi kwa sababu ya zile sanamu. Zichomwe! Wasikilizaji, nakasirika hata leo. Watu wenye silaha wanachoma vijiji, na kosa ni la mti ulio juu ya kabati?

Mama aliwajibu, akimgeukia mmoja wao: "Siye wote tulikimbia. Weye ulipokimbia kule kwenu Bule, ng'ombe zako uliachia nani? Angezikula, ungefurahi? Hizi ni za mutu. Sitachoma."

Wakamtoa kwenye kwaya. Jumapili iliyofuata alikaa benchi ya mbele, akaimba sauti yake ileile kutoka pale. Na aliimba kwa nguvu!

Mwaka jana Kirit, mtoto wa Jayantilal, alipiga simu kutoka Kampala. Mzee alikuwa amefariki. Mama akamweleza habari ya ufa. Kirit akasema kwao sanamu iliyopasuka haiabudiwi tena, inasindikizwa mtoni kwa heshima. Lakshmi, Kirit mwenyewe angekuja kumchukua.

Je, Mama alikwenda mtoni kwa kujificha? Thubutu! Mchana kweupe alivaa sare yake ya kwaya, akambeba Ganesha kichwani, akapita mbele ya kanisa, akashuka mpaka mto Shari. Aliniambia mwenyewe: "Walitaka ione moto. Basi waangalie vile inaenda kwa maji, na miguu yangu."

Kwenye matanga, kikundi kilekile kilikuja. Wakasema Lakshmi achomwe kwanza, ndipo wataomba na kuimba. Nadège alisimama kando ya jeneza la mama yake. "Basi murudie kwenu. Tutamuzika siye wenyewe."

Kisha Mama Rebecca, mwimbaji wao, akavuka kutoka upande wao, akasimama karibu na Nadège, akaanzisha wimbo. Wengine wawili wakamfuata. Sanduku likatoka, na Mama Véronique akazikwa kwa nyimbo.

Nadège, pole sana. Poleni jamaa yote. Kirit, pole nawe, umepoteza mama huku Bunia.

Wasikilizaji wapendwa, Lakshmi yuko kwa Nadège, mzima, anangojea wenyewe. Wengi wetu tulikimbia, wengi wetu tulibaki na vitu vya waliokimbia. Nakuuliza bila haya, kwa sababu Mama Véronique hakuona haya: mlango unaoufunga kwako leo usiku, ulitoka kwenye nyumba ya nani?