Mzee Moubarak na Mlango wa Chuma

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mzee Moubarak Amissi, fundi wetu wa umeme, simu na mtandao, atarudisha funguo zake kwa mlinzi wa geti na kwenda kupumzika nyumbani kwake Gihosha. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, ikanichagua mimi, Asiya wa ofisi ya stoki, kwa sababu ninachapa haraka. Haikuuliza kama ninaelewa ninachochapa. Mtu aliyewahi kumwita fundi mbio kwamba kompyuta imekufa, kumbe hajawasha skrini, leo ndiye anayewaeleza kazi ya fundi huyo. Mnivumilie.

Mzee Moubarak aliingia katika ghala letu la sabuni na bidhaa nyingine, hapa eneo la viwanda, Zone Industrielle, akiwa kijana mwembamba wa kubadilisha taa na kuchaji betri za mashine za kunyanyulia mizigo. Simu za mezani zilipokuja, akajifunza simu. Kompyuta zilipokuja, akajifunza kompyuta, kwa kuzifungua Jumamosi na kumwomba Mungu zifungike kabla ya Jumatatu. Tunamjua kwa kofia yake ya kahawia, kwa pipi za tangawizi zisizoisha mfukoni, na kwa adabu yake mbele ya vyombo. Mashine ya kuchapisha ikikwama, huiambia "pole, mama" kabla ya kuifungua. Sisi wengine tunaipiga kofi. Tumejaribu na sisi kuipa pole, lakini inajua kuwa hatumaanishi.

Kazi yake kubwa ni mtandao usiotumia waya uliounganisha ofisi ya stoki, mizani na geti. Kabla ya hapo karatasi zilivuka uwanja mikononi mwetu, na msimu wa mvua hesabu za sabuni zilifika zimeshaoshwa. Mwanzoni mtandao huo ulikuwa ukikatika ovyo. Mzee akaweka kiti cha plastiki katikati ya uwanja, akakaa anatazama tu, mpaka akaona kwamba unakatika kila lori la mabati likisimama kati ya majengo mawili. Tangu siku hiyo alituhubiria sote, hata wapishi wa kantini, kwamba chuma kinameza mawimbi. Naomba muikumbuke hotuba hiyo, maana mhubiri mwenyewe aliisahau.

Mwaka juzi mume wangu Faruk alifariki. Wengi wenu mlikuja kumzika, na hadi leo nawashukuru. Faruk alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko kwetu Cibitoke, na aliipenda kazi yake hadi ndani ya nyumba. Kila chumba chetu kina mlango wa chuma. Wa chumba chetu cha kulala ndio mzito kuliko yote, una ua la alizeti alilolikunja mwenyewe mwaka tuliooana. Jirani mmoja alikuwa akimtania kwa kumwuliza kama anaoa au anafungua gereza.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa nyumbani bila kuonana na wanaume wa nje. Lakini hesabu ya stoki ya mwisho wa mwaka ilikuwa inakaribia. Mkuu wetu wa ghala, Bwana Herménégilde, mtu mwema ambaye alikuwa hajawahi kusikia habari za eda, alinipigia simu.

"Madame Asiya, mi nakuheshimu sana. Lakini sabuni haina eda."

Alimaanisha kwamba hesabu isipofanyika, atamweka mtu mwingine kwenye kiti changu. Na kiti hicho ndicho kilichokuwa kimebaki cha kumsomesha binti yetu Yasmina. Bahati nzuri Mzee Moubarak alikuwa humo ofisini, juu ya ngazi, anabadilisha taa, na nikamsikia kwenye simu akisema kutoka huko juu: "Chef, kama Asiya hawezi kukuja kwenye stoki, stoki itaenda kwa Asiya."

Kesho yake alifika Cibitoke na kompyuta ya ofisi, kisanduku cha Wi-Fi cha kurusha mtandao, na kijiti cha kuunasa. Kompyuta za kuunganisha zilikuwa tatu: hiyo ya ofisi, iliyopelekwa chumbani kwangu, ya masomo ya Yasmina, na ya Faruk sebuleni, ambayo shemeji yangu Tajudini alikuwa akiitumia kumalizia michoro ya mageti yaliyoagizwa. Kwa kuwa nilikuwa eda, mimi na Mzee hatukuweza kuonana. Yeye alikaa sebuleni, mimi nikajifungia chumbani, akanielekeza kwa kupaza sauti.

"Apana, mama Yasmina, usichomeke kijiti hapo, hapo ni pa moto, pa umeme! Shimo la pembeni!"

Mashimo ya pembeni yalikuwa manne. Mimi nilifanikiwa kupata la tano.

Kompyuta mbili zilishika mtandao palepale. Yangu ilikataa. Mzee akabadilisha kebo ya kisanduku, akakihamisha kutoka mezani hadi juu ya friji, akanipa pole, akaenda zake kichwa chini. Hajafika barabarani, kompyuta yangu ikapona. Nikampigia kumshukuru, na yeye akapokea shukrani kama mtu anayejua alichofanya.

Asubuhi Tajudini alipokuja, mtandao ukakatika. Wazee wa msikiti walipokuja kutoa pole, ukakatika. Nikamwita Mzee, akaja, ukakatika. Akaondoka, ukarudi. Wiki ikapita hivyo. Yeye alilaumu mvua, akalaumu umeme, akalaumu panya wa darini. Mimi nililaumu vidole vyangu, na kimoyomoyo nikaanza kufikiri kwamba Faruk hataki niendelee na kazi. Bwana Herménégilde akasema atasubiri hadi Jumatatu, basi.

Jumamosi Mzee alikuwa tena darini. Shangazi yangu Zaituni, aliyekuja kukaa nami, alikuwa anamenya ndizi jikoni na amechoka na vumbi linalomwangukia kwenye sufuria.

"Baba Moubarak, shuka," akasema. "Mi naona ugonjwa ni weye. Ukikuja inakufa, ukienda inapona. Hata malaria haiko hivyo."

Mzee alicheka. Kisha nikasikia ngazi inalia, na sauti yake ikija taratibu karibu na mlango wangu.

"Asiya, dada yangu. Mi nikiingia humu nyumbani, we unafanya nini?"

Nikamjibu kile ambacho mjane yeyote angejibu: nafunga mlango.

Akaugonga kwa kidole. Mlango wa Faruk unatoa sauti nzito, kama kengele iliyofunikwa blanketi. Mhubiri wa mabati alikuwa amekuja kututengenezea mtandao, na kila alipokuja alikuwa anafungiwa chuma usoni na mtandao pamoja naye. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi upande wa pili nikacheka pia, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikaona aibu, kisha nikacheka tena.

Dawa ilikuwa rahisi, kuung'oa mlango na kuweka wa mbao. Tajudini alileta vifaa. Niliposikia chuma kinagusa bawaba, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kwamba waache, kiti cha stoki apewe anayekitaka.

"Weka chini, Tajudini," Mzee akasema. "Huo hautoki."

Akavaa kofia yake, akaenda sokoni, akarudi na pazia zito la kijani, lenye maua mabaya kuliko pazia lolote nililowahi kuona. Shangazi Zaituni akalitundika. Kuanzia hapo mlango ulibaki wazi mahali pake, na pazia likashuka kila mgeni alipokuja. Pazia linazuia macho, halizuii Wi-Fi. Mzee akiwa bado sebuleni, sabuni zikaanza kuingia kwenye skrini yangu, katoni kwa katoni. Jumatatu Bwana Herménégilde alipata hesabu yake. Ilikuwa na kosa moja, na mtandao hauhusiki nalo.

Mzee amekuwa akisimulia kisa hiki kantini kwa hiari yake, na kila mara anajiongezea ujinga ili wangu uonekane mdogo. Leo nimeuandika wote, tugawane sawa.

Mzee Moubarak, kwa niaba ya ghala zima tunakushukuru kwa taa, kwa simu, kwa mtandao na kwa pipi. Nyumbani kwangu mtandao ulikuwa unapona wewe ukiondoka. Hapa kazini hatutegemei muujiza huo, kwa hiyo usizime simu. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasiokuuliza neno la siri kila saa. Na ukipita Cibitoke, ingia. Eda ilikwisha zamani, pazia lile baya bado lipo, na mlango wa Faruk sasa uko wazi hata wewe ukiwa ndani.