Mama Mawimbi, Aliyemwitikia Jirani

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha mawasiliano cha jumuiya yetu ya kujihami, Mama Mawimbi anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina lake kamili liko kwenye barua za utumishi. Sisi tuliokunywa naye chai ya zamu tunamjua kwa hili.

Alikuja akiwa msichana, akapewa hedifoni na kazi moja tu, kumsikiliza jirani. Wakati huo jumuiya ilikuwa ya majeshi matatu yaliyounganishwa na hofu ya jeshi la nne, na antena zote juu ya paa zilielekezwa mashariki, kwa huyo wa nne, ndiye jirani. Kumjibu ilikuwa marufuku. Basi alisikiliza, kidevu kiganjani, macho yakielea dirishani kwenye mawingu, hata mgeni angedhani amesinzia. Watani wake walisema anaota ndoto na mshahara anapokea. Yeye alituambia tu kwamba upande wa pili kuna bwana wa sauti nzito ambaye askari wapya wakibabaika redioni huwasubiri wamalize, hawakatizi hata siku moja, na kwamba anampenda bure. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Miaka ikayoyoma, hatari nayo ikahama. Magenge yenye silaha yalijichimbia katika msitu wa kusini unaopakana na nchi zote nne, yakawa yanavamia popote bila kuuliza mpaka uko wapi. Mikutano ilifanyika, hotuba zikatolewa, lakini antena zetu zilibaki zimekodolea macho mashariki. Ndiyo maana alasiri moja ya mvua, kikosi chetu cha doria kilipozingirwa msituni, wito wake haukutufikia. Katika kikosi hicho alikuwamo kitindamimba wa Mama Mawimbi.

Aliyeusikia ni jirani. Yule bwana wa sauti nzito alianza kutaja mahali kikosi kilipo, polepole, akirudia, kwenye masafa yaleyale aliyojua fika kwamba tunayasikiliza. Mkuu wa kituo aliona ni mtego wa kuwaingiza askari wengine msituni. Mama Mawimbi alimweleza kwa upole kwamba sauti hiyo ameishi nayo miaka mingi kuliko ya mumewe, na ikidanganya ataijua. Kisha akabonyeza kitufe ambacho hakuna aliyewahi kukibonyeza, akamjibu jirani kwamba amesikia. Mkuu alimtazama, akashusha pumzi, akaamuru magari yaondoke. Jioni askari wote walikuwa wamerudi, kitindamimba akiwa na bendeji mguuni na njaa ya kufa mtu.

Baada ya hapo antena ziligeuzwa kusini na jirani akakaribishwa mezani. Leo kituo chochote kinaweza kuita msaada wa jeshi lolote kati ya manne bila kungoja muhuri wa ruhusa. Wakubwa huyaita mageuzi ya mkakati. Mama Mawimbi husema tu kwamba tulichelewa, na hapo hatucheki naye. Waendesha redio wa majeshi yote manne wamepita mikononi mwake kwa mafunzo, na wote huanza kwa kunyamaza na kusikiliza.

Mama yetu, asante. Uende na baraka zetu, maisha yako mapya yawe marefu na matamu. Mwanao yuko doria msituni jioni ya leo, na anayemlinda mgongo ni askari wa jirani. Vua hedifoni, mama. Lala.